Jinsi ya kuomba ruzuku ya NIH kwa utafiti wa kifafa ukiwa Tanzania

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kukaa na madaktari na watafiti wakiandaa maandiko ya kuomba fedha za utafiti, mengi yakihusu kifafa na magonjwa mengine ya ubongo na mishipa ya fahamu. Hatua hizi ninamwandikia mtu aliyeko hospitali ya wilaya au chuo cha mkoani, mwenye wagonjwa anaowaona kila wiki na swali linalomkosesha usingizi, ila hajui aanzie wapi.

Nimechagua NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani zenye makao yake Bethesda, Maryland, kwa sababu matangazo yake kadhaa huruhusu taasisi ya Kitanzania kuomba kwa jina lake yenyewe. Ndani ya NIH, taasisi ya magonjwa ya mfumo wa fahamu inaitwa NINDS, na Kituo cha Fogarty ndicho kinachoshughulikia afya ya dunia. NIHR, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Uingereza, nayo imegharamia utafiti wa kifafa Tanzania na Kenya, na hapa nyumbani COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, inasimamia mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia. Mengi ya humu yatakufaa huko pia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kupewa dawa ipasavyo. Dawa kama phenobarbital ipo kwa miaka zaidi ya mia, na bei yake ni ndogo. Hilo ndilo linalonifanya nijali karatasi zinazoonekana kavu: andiko likikataliwa kwa kosa la usajili, anayepoteza ni mtoto ambaye angefikiwa.

Hatua ya 1: Sajili taasisi kabla hujaandika sentensi hata moja

Wengi huacha jambo hili mpaka mwisho, nami nimeona machozi kwa sababu hiyo. Taasisi yako inahitaji kwanza namba ya NCAGE, ambayo hupewa mashirika yaliyo nje ya Marekani. Kisha inasajiliwa SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la wanaopokea fedha zake, na kupata namba ya utambulisho iitwayo UEI. Baada ya hapo inajisajili Grants.gov, tovuti ya matangazo ya ruzuku, na eRA Commons, mfumo wa NIH wa kufuatilia maombi, na mtafiti mkuu naye anafunguliwa akaunti yake eRA Commons. NIH inashauri utenge angalau wiki 6. Mimi nasema miezi 3.

Kinachokwamisha zaidi ni jina na anwani. Hati ya usajili inasema hivi, barua ya benki inasema vile, na SAM haikubali S.L.P. kuwa anwani ya mahali mlipo. Andika jina la kisheria kama lilivyo kwenye hati, nukta na mkato vikiwemo, na utumie anwani ya makazi yenye mtaa na namba. Usajili wa SAM huhuishwa kila mwaka. Taasisi moja niliyowahi kuifanyia kazi iliuacha wa kwake ukapita muda, na andiko la miezi saba halikupokelewa. Mtafiti mkuu alikuwa ameliandika usiku, baada ya zamu zake wodini.

Siku hizi usajili una uzito zaidi. Zamani chuo cha Marekani kilikuwa kinapokea ruzuku na kukupitishia fungu lako. Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha ruzuku mpya za mtindo huo, kwa nia ya kuweka utaratibu ambao mshirika wa nje anapewa fedha moja kwa moja na kuwajibika mwenyewe. Hivyo hata kama una rafiki profesa ng'ambo, msingi uwe usajili wenu wenyewe.

Hatua ya 2: Libane swali

"Kifafa Tanzania" ni mada, bado si swali. Angalia Mahenge, mkoani Morogoro. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko takriban mwaka 1960, akaeleza pia habari za watoto wanaotikisa kichwa, hali ambayo wenyeji huiita amesinzia kichwa. Leo watafiti wanahusisha sehemu kubwa ya kifafa cha eneo hilo na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Kwenye maeneo ya wafugaji wa nguruwe, minyoo ya tegu hupeleka vifuko vyake hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Haya huwezi kuyasoma vizuri ukiwa Boston.

Nguvu yako iko hapo, na NIH yenyewe inakutaka uiseme. Mwombaji wa nje ya Marekani huandika maelezo ya kwa nini utafiti ufanyike kwenu: watu, mazingira, ugonjwa au utaalamu usiopatikana kwa urahisi kwao. Usiandike kwamba nchi yetu ni maskini. Andika kile kilichopo kwetu.

Mfano wa swali lililobanwa: je, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakiwapelekea nyumbani phenobarbital kila mwezi watoto wa miaka 5 hadi 17 wenye kifafa, watakaokuwa bado wanatumia dawa baada ya miezi 12 watakuwa wengi kuliko wale wanaoifuata kliniki? Ukisoma swali hilo unajua nani anapimwa, anafanyiwa nini, analinganishwa na nani na kwa muda gani. Nitalitumia hadi mwisho.

Hatua ya 3: Tafuta tangazo linalolingana, usome sehemu ya wanaostahili kwanza

Nenda Grants.gov utafute matangazo yaliyo wazi. Kisha fungua RePORTER, hazina ya NIH ya miradi iliyokwisha kupata fedha, uandike epilepsy na Tanzania. Utaona nani alipewa, kwa kazi gani na kupitia kitengo kipi. Kwa mgeni, hiyo ni shule ya bure.

Kwa anayeanza, aina ya ruzuku iitwayo R21, ya kujaribu wazo jipya, ndiyo ya kufikiria. Kwa kawaida ni miaka 2, na gharama za moja kwa moja zisizozidi dola 275,000 kwa miaka yote miwili, ingawa tangazo linaweza kuweka kiwango chake. R01, ruzuku kubwa ya kawaida ya utafiti, hufika miaka 5 na hudai ushahidi wa awali ulioiva.

Kuna mtego hapa. NIH huuliza maswali manne: je, utafiti una washiriki binadamu? Je, wanapangiwa afua tangu mwanzo? Je, lengo ni kupima athari ya afua hiyo? Je, athari hiyo inahusu afya au tabia? Ukijibu ndiyo yote manne, utafiti wako ni jaribio la kitabibu hata kama humpi mtu dawa mpya. Swali letu la phenobarbital linajibu ndiyo yote manne. Kila tangazo husema kama majaribio ya namna hiyo yanaruhusiwa, na ukilipeleka kwenye tangazo lisiloyaruhusu litarudishwa bila kusomwa.

Hatua ya 4: Ukurasa wa malengo

Andiko huandikwa kwa Kiingereza, na mpango wa utafiti wa R21 una kurasa 6. Lakini ukurasa mmoja wa malengo mahususi ndio unaobeba mzigo, kwa sababu wengi wa wanakamati watakaopiga alama watausoma huo kwa makini na mengine watayapitia tu. Mimi huwaambia watu wauandike kwanza kwa Kiswahili. Ukishindwa kumweleza muuguzi wa kliniki yako kwa lugha mnayoongea kila siku, Kiingereza hakitakuokoa.

Aya ya kwanza: tatizo na ukubwa wake. Ya pili: kisichojulikana, na kwa nini ninyi ndio wa kukijua. Kisha malengo mawili. Kwa R21 matatu ni mengi. Mwisho, matokeo yatafungua njia ya kazi gani kubwa zaidi.

Angalia malengo yasitegemeane kama matofali yaliyosimamishwa kwa mstari. Nimesoma andiko ambalo lengo la pili lingewezekana tu kama la kwanza lingeleta jibu fulani, na mpitiaji aliliona mara moja. Kwa swali letu, lengo la kwanza linalinganisha njia mbili za kupeleka dawa. La pili linawahoji wazazi na wahudumu kuhusu kinachowafanya waendelee au waache. Lolote litakalotokea kwenye la kwanza, la pili lina thamani yake.

Kuhusu akili mnemba: kuanzia maombi ya Septemba 25, 2025, NIH haipokei andiko ambalo sehemu kubwa imetungwa na zana hizo. Mawazo na maandishi yawe yako.

Hatua ya 5: Mwandikie afisa programu

Huyu ni mtumishi wa NIH anayesimamia ruzuku za eneo lako; jina lake na barua pepe yake viko mwishoni mwa tangazo. Mtumie ukurasa wako wa malengo na maswali mawili matatu: je, kazi hii inawafaa, na je, aina hii ya ruzuku ndiyo sahihi? Watu wetu huona aibu, kana kwamba wanabisha hodi kwa mkubwa bila mwaliko. Kujibu ni sehemu ya kazi yake.

Hatua ya 6: Hesabu ya washiriki

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kwa njia ya kliniki asilimia 50 ya watoto huendelea na dawa, nasi tunatarajia 70 kwa njia ya nyumbani. Kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti hiyo kama ipo, na kiwango cha kosa cha asilimia 5 cha kuiona isipokuwepo, unahitaji watoto 93 kila kundi. Ukitegemea asilimia 15 watapotea njiani, gawanya 93 kwa 0.85 upate 110.

Hapo wengi husimama, na ndipo wanapoangushwa. Mhudumu wa jamii hahudumii mtoto mmoja mmoja, anahudumia kijiji, kwa hiyo vijiji ndivyo vitakavyopangwa kwenye makundi. Watoto wa kijiji kimoja hufanana: mhudumu mmoja, barabara moja, zahanati moja. Ukiwa na watoto 20 kwa kijiji na kiwango cha kufanana cha 0.02, unazidisha kwa 1.38, yaani 1 + (20 − 1) × 0.02. Ile 93 inakuwa 129, na ukiongeza wanaopotea unafika 152 kila kundi, yaani vijiji 8 kwa 8. Mtafute mtakwimu siku ya kwanza, umweke kwenye bajeti na jina lake lionekane.

Tangu Januari 2025 wapitiaji wa aina hizi za ruzuku hutazama mambo matatu: umuhimu wa utafiti, umakini na uwezekano wa mbinu, kisha utaalamu na rasilimali. Mawili ya kwanza hupewa alama 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. La tatu huangaliwa tu kama linatosha. Hivyo jina la chuo kikubwa halipewi alama peke yake, na mtu wa mkoani mwenye mbinu safi ana nafasi.

Hatua ya 7: Vibali na heshima ya mgonjwa

Tanzania Bara utahitaji idhini ya kimaadili ya kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kibali cha utafiti cha COSTECH. Kenya kibali hutoka NACOSTI, tume yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu, baada ya kamati ya maadili. Data au sampuli zikitoka nje ya nchi, mikataba ya kuzihamisha inapitia NIMR pia. NIH nayo, tangu Januari 2023, inataka mpango wa kutunza na kushirikisha data.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha watu wanaoisoma. Bado kuna wanaoamini kifafa huambukiza kwa mate, na mtoto akianguka hakuna wa kumgusa. Kwa hiyo gari lenye maandishi ya mradi wa kifafa lisisimame mlangoni kwa mtu. Na eleza dawa itatoka wapi mradi ukiisha, kwa sababu kuacha phenobarbital ghafla kunaweza kuleta kuanguka kukali kunakohatarisha maisha. Zungumza na mganga mkuu wa wilaya mapema, muweke mahitaji ya dawa kwenye maombi ya Bohari ya Dawa. Mimi siwezi kutia mkono andiko lisilo na aya hiyo.

Hatua ya 8: Bajeti

Kila kitu kwa dola. Gharama za uendeshaji wa taasisi iliyo nje ya Marekani zimewekewa kiwango cha asilimia 8, vifaa vikubwa vikiwa vimeondolewa kwenye hesabu. Kwa dola 100,000 taasisi inapata 8,000, na mkurugenzi wa fedha alijue hilo mapema. Hesabu mafuta na matengenezo ya pikipiki kwa miezi ya masika, posho za wahudumu wa jamii, na kipimo cha umeme wa ubongo (EEG) kama unakihitaji kweli.

Hatua ya 9: Kutuma, kusubiri, kurudi

Tarehe za kawaida za R21 mpya ni 16 Februari, 16 Juni na 16 Oktoba, saa 11 jioni kwa saa za taasisi yako, si za Washington. Anayebonyeza ni ofisa aliyeidhinishwa na taasisi, kwa hiyo ujue yuko wapi siku hiyo. Tuma wiki moja kabla. Mfumo ukionyesha makosa utakuwa na muda wa kuyarekebisha.

Kuanzia hapo hadi fedha huwa miezi 9 au zaidi. Yanayoonekana dhaifu, mara nyingi karibu nusu, hayajadiliwi kabisa kikaoni, lakini maoni ya maandishi utayapata. Yasome, yaweke kando wiki moja, kisha yasome tena ukiwa na mtakwimu wako. Una miezi 37 ya kurudisha andiko lililorekebishwa, pamoja na ukurasa mmoja wa kuwajibu wapitiaji. Anza ukurasa huo na kosa kubwa kuliko yote waliyoyataja, lile ulilotamani wasilione, ueleze kwa takwimu umelirekebishaje.