Pumu ya ngozi kwa mtoto: jinsi ya kumwogesha na kumpaka mafuta

Mwezi wa saba mama mmoja aliingia chumba chetu cha kliniki hapa Moshi na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mashavu yalikuwa yamechubuka, na nyuma ya magoti ngozi imekuwa nene, nyeusi, imepasuka. Akatoa mkobani kopo dogo la mafuta ya mgando, la gramu 50. Nikamuuliza amelinunua lini. "Pasaka, dada nesi." Kopo lilikuwa halijafika nusu.

Mtoto ambaye pumu ya ngozi imemwenea mwilini huhitaji mafuta kama gramu 250 kwa wiki. Ndiyo, kwa wiki. Ngozi yake haishiki maji: unyevu unatoka, vitu vinavyowasha vinaingia, anajikuna, ngozi inazidi kuharibika. Mafuta ndiyo dawa yake ya kwanza, na wazazi wengi tunawafundisha krimu za hospitali tukasahau hili.

Hatua ya 1: Hakikisha ni pumu ya ngozi

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mabaka ya kijivu au meusi zaidi, vipele vidogo vidogo kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi, ukavu, na alama za kucha. Mara nyingi kwenye ukoo kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na uchafu.

Kama nyumba nzima inajikuna usiku na kuna vipele katikati ya vidole, huo huenda ni upele unaoambukiza (skabisi), na mnatibiwa wote kwa pamoja. Baka la duara lenye ukingo ulioinuka laweza kuwa fangasi. Onyesha kwanza, usipake dawa kwa kubahatisha.

Hatua ya 2: Kuoga

Mara moja kwa siku, dakika 5 hadi 10, maji ya uvuguvugu. Najua asubuhi za Juni na Julai huku kwetu zilivyo, lakini maji ya moto hukausha ngozi na kuamsha muwasho. Weka dodoki pembeni. Sabuni ya mche ni ya nguo. Dawa ya kuua vijidudu usiitie kwenye beseni. Tumia sabuni isiyo na harufu, tena kwapani, kwenye mapaja na miguuni tu. Kwingine maji yanatosha.

Bibi akileta majani ya mwarobaini, mpokee kwa heshima, ila usimwogeshee mtoto. Ngozi iliyochubuka huungua upesi.

Hatua ya 3: Kupaka ndani ya dakika 3

Hapa ndipo kazi ilipo. Kopo likae karibu na beseni, lisikae chumbani. Mtoto akitoka majini, mgusishe taulo taratibu bila kusugua, ngozi ibaki na unyevunyevu. Chota mafuta kwa kijiko safi ili vidole visiingize vijidudu koponi. Weka matone mikononi, miguuni, tumboni, mgongoni, kisha yashushe kwa kiganja kufuata vinyweleo vinakolala. Ukisugua kwenda juu na chini, vinyweleo huziba na kutoa majipu madogo. Ukimaliza, mtoto ang'ae. Rudia mchana na kabla ya kulala.

Mafuta ya mgando yasiyo na harufu ni ya bei nafuu na yanafaa sana kwenye baridi. Kwenye joto la Dar au Tanga yanaweza kumtoa jasho akawashwa zaidi. Mchana mpake krimu nyepesi isiyo na manukato, mafuta ya mgando yabaki ya usiku. Ya zeituni yaache, hudhoofisha ngozi.

Hatua ya 4: Krimu ya steroidi

Steroidi ni dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Iliyo hafifu, haidrokotisoni ya asilimia 1, hutumika usoni, na mwilini daktari anaweza kuandika yenye nguvu zaidi. Minya krimu kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi pingili ya kwanza: hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Paka palipoamka tu, kwa siku ulizoandikiwa. Acha nafasi kama ya nusu saa kati yake na mafuta.

Kinachoniumiza ni tyubu za mchanganyiko zinazouzwa dukani bila cheti cha daktari, zenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Baka linatulia kwa siku chache, mama anafurahi, anaendelea miezi. Baadaye ngozi ya uso inakuwa nyembamba na mishipa inaonekana. "Sindano ya aleji" nayo ni hivyo hivyo: nafuu ya muda, kisha ugonjwa unarudi kwa kishindo.

Hatua ya 5: Nyumbani

Kata kucha kila wiki. Mvalishe pamba ndani ya sweta. Suuza nguo mara mbili. Akicheza akatoka jasho, mmwagie maji kisha mpake. Udi, manukato na moshi wa mkaa viwe mbali na anapolala.

Usimnyime mayai, maziwa wala samaki kwa kuhisi tu. Nimeona watoto wanaokonda kwa miiko ilhali ngozi iko vilevile. Kama kuna chakula kinachomvimbisha midomo au kumtapisha mara tu anapokula, mwambie daktari.

Usisubiri kliniki

Maji ya njano yanayoganda, usaha, au homa: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Malengelenge madogo yanayofanana, yanayouma, yanayosambaa haraka ni dharura, hasa yakiwa karibu na macho. Huenda ni virusi vya hepesi.

Yule mama nilimpa tarehe ya baada ya wiki 2, nikamwomba anunue kopo kubwa, na siku ya kurudi aje nalo likiwa tupu.