Laptopu ya Windows na Ubuntu Ikiingia Windows Tu

Mteja akiniletea laptopu yenye Windows na Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) ila inaingia Windows tu, sifuti kitu. Wapo mafundi wanaokimbilia kuinstoli upya. Huko ni kumlipisha mtu bure. Mara nyingi Ubuntu bado imo, kilichobadilika ni foleni ya kuwaka, yaani mfumo upi uanze kwanza.

Izime, iwashe huku ukigongagonga F12 kwa Dell au F9 kwa HP, uchague ubuntu. Ikiwaka, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sudo efibootmgr, usome namba ya kila mfumo. Tuseme ubuntu ni 0003, Windows 0000: andika sudo efibootmgr -o 0003,0000, ukiongeza na namba nyingine zilizokuwepo.

Menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo unapowasha, imerudi lakini Windows haimo? Kwenye faili la /etc/default/grub weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha sudo update-grub.

BitLocker (kufuli ya Windows inayolinda diski) ikidai ufunguo wa tarakimu 48, usibahatishe. Mwambie mwenye mashine aingie akaunti yake ya Microsoft, huwa umehifadhiwa humo.