Kabla ya Kufungua Kesi ya Matunzo: Ya Kumwambia Hakimu na ya Kubaki Nyumbani

Katika mji wa Amu, yaani Lamu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na vichochoro vyake ni vyembamba hata punda aliyebebeshwa mchanga akipita huna budi kujibana mlangoni mwa mtu. Mzazi anayekusudia kudai matunzo ya mtoto katika mji wa namna hii huogopa mahakama, na nimewasikia akina mama, na baadhi ya akina baba pia, wakisema kwamba wangekwenda zamani lau si aibu ya mambo yao kutangazwa. Kwa nilivyoona katika miaka ya kuwasaidia watu kupanga karatasi zao, hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake. Mahakama ya watoto husikiliza kesi faraghani, na asiyehusika hutolewa nje. Siri nyingi huwa zimekwisha kutoka kabla mwenye kesi hajafika huko, kwenye duka la fotokopi, kwenye simu inayotumiwa na watu watatu, na kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, la jirani baada ya Isha. Kwa sababu hiyo matayarisho yanaanzia nyumbani.

La kwanza la kufahamu ni mpaka uliowekwa na sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa wala kufichuliwa habari za familia yake au mambo yake ya binafsi pasipo ulazima. Maneno ya kushikwa hapo ni hayo ya mwisho, kwa sababu kifungu cha 53 cha Katiba hiyo hiyo kinasema kwamba mtoto ana haki ya malezi na ulinzi wa wazazi wake, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Panapodaiwa matunzo, basi, kipato cha mzazi ni jambo la lazima, na baba mwenye boti tatu hawezi kumwambia hakimu kuwa idadi ya boti zake ni siri yake. Lakini ugomvi uliovunja ndoa, nani alimwambia nini mama mkwe, na picha za simu za mwaka juzi, mara nyingi havina uzito wowote katika hesabu ya unga, karo na dawa, na anayevijaza kwenye hati zake huwa amejivua nguo mwenyewe bila ya kuombwa.

Watu hutaja pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mara nyingi huitaja vibaya. Sheria hiyo inahesabu kuwa habari nyeti mambo kama afya, mali, hali ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa mtu. Hata hivyo, haizuii habari zinazotakiwa kwa amri ya mahakama, wala haiwahusu watu wanaozungumza mambo yao ya nyumbani tu. Shangazi anayeyasimulia mambo yako kwenye kesha la harusi hutamkamata kwa sheria hiyo, hata akukasirishe vipi. Wanaobanwa nayo ni wanaoshughulikia habari za watu katika kazi zao: mwajiri, shule, hospitali, chama cha akiba na mikopo, na mwenye duka anayepiga nakala za kitambulisho chako kisha akazibakisha kwenye kompyuta yake. Aliyetendewa hivyo anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kabla ya kufungua kesi inafaa kupima ni mlango upi wa kubisha, kwa kuwa kila mlango una kiasi chake cha kufichua. Kwa afisa wa watoto wa serikali wazazi wanaweza kuandikiana makubaliano ya majukumu yao, wakatia saini, na mambo yakamalizika kwa karatasi chache. Ushauri wa awali hupatikana pia bila malipo kwa simu ya watoto, nambari 116. Kikao cha wazee wa familia kina baraka zake, na mimi si mtu wa kukidharau, ila kikao hicho hakina kanuni ya kutunza siri, na kila anayeongezwa mkekani ni mdomo mwingine. Ukikubali kikao, kubaliana kwanza na upande wa pili juu ya idadi ya watakaokaa, kisha mzungumzie fedha za mtoto peke yake.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambazo ndizo kazi yenyewe. Katika kesi ya matunzo mahakama hutaka kujua vitu viwili, yaani mtoto anahitaji nini kwa mwezi, na kila mzazi anapata nini na anatumia nini. Mapato huelezwa kwa hati ya kiapo, na kiapo hicho kikiwa cha uongo ni kosa la jinai. Andaa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, muundo wa karo, risiti za kodi ya nyumba, dawa, sare na vitabu, na makadirio ya chakula yaliyoandikwa kwa uaminifu. Ikiwa jina la baba halimo kwenye cheti, usikate tamaa wala usighushi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichokuwa kikizuia jina la baba asiyeoana na mama kuandikwa pasipo ridhaa yake kinakwenda kinyume na Katiba.

Kitu kinachofichua zaidi ya mtu anavyodhani ni taarifa ya M-Pesa. Mtu huiomba ya miezi sita ili aonyeshe kwamba baba alituma shilingi elfu mbili mara moja tu, kumbe katika kurasa hizo yumo dada aliyemchangia gharama za hospitali, wamo wanachama wa chama chake cha kuchangiana fedha, na yumo mwenye duka anayemkopesha. Hao wote hawana kesi. Chagua kipindi kinachohusu dai, na umuulize wakili, au karani wa mahakama kama huna wakili, iwapo zinatosha kurasa zenye miamala inayobishaniwa. Ukiruhusiwa kufunika majina ya wengine, sema ndani ya hati ya kiapo kwamba umeyafunika na kwa nini. Kufunika kimyakimya kwa kalamu nyeusi kunampa mwenzako nafasi ya kusema kuwa unaficha mapato, na hakimu hatakuwa na sababu ya kumkatalia.

Mapato ya pwani hayana risiti nyingi. Nahodha, mvuvi, mbeba mizigo wa Mokowe na kijana anayetembeza wageni Shela hulipwa taslimu, na upande wa pili hujaribiwa kutafuta ushahidi kwa njia zisizofaa. Usifungue simu ya mwenzako akiwa amelala, wala usiingie kwenye akaunti yake kwa nywila unayoikumbuka tangu mlipokuwa pamoja; Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inalihesabu hilo kuwa kosa. Ujumbe aliokutumia wewe ni wako kuutumia. Ukiuchapisha kutoka kwenye simu, ambatanisha cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza umetolewa kwenye chombo gani na kwa njia gani. Kwa yale usiyoweza kuyapata kihalali, kama orodha ya mishahara ya hoteli au daftari la samaki la kikundi cha ufuoni, iombe mahakama imwamuru anayeyashika ayalete.

Afya inataka tahadhari ya peke yake. Mtoto akiwa na maradhi yanayogharimu, hakimu anahitaji kujua gharama na muda wa matibabu, na barua fupi ya daktari yaweza kutosha bila ya kubeba faili zima la hospitali. Hali ya mtu ya virusi vya ukimwi inalindwa na sheria mahsusi ya mwaka 2006, na haifai kutiwa katika hati kwa ajili ya kumchafua mzazi mwenzako. Kuhusu kipimo cha nasaba (DNA), baba akikana, mahakama inaweza kuamuru kifanywe. Kumkata mtoto nywele kwa siri na kuzipeleka kupimwa ni kumwingiza katika jambo ambalo huenda yeye ndiye atakayelibeba miaka mingi baadaye.

Mambo ya kutayarisha si ya mama peke yake. Baba mwenye mke mwingine na watoto wengine ana haki ya kuieleza mahakama kwamba wapo wanaomtegemea, na idadi yao, umri wao na karo zao ni habari za msingi, lakini mshahara wa mke huyo wa pili na maradhi yake si vyake kuvitoa. Ikiwa mke hajui kwamba yuko mtoto nje, ni afadhali aambiwe na mumewe kabla ya wito wa mahakama kufika, kwani wito ukifika utamwambia wenyewe. Mpeleka hati anayeuliza katika kichochoro cha Langoni, "Nyumba ya fulani ni ipi?", amekwisha kupiga mbiu. Mwenye kufungua kesi anaweza kupunguza hilo kwa kutoa maelekezo sahihi ya mahali au nambari ya simu ya mdaiwa mwenyewe, maana tangu mwaka 2020 kanuni zinaruhusu hati kupelekwa pia kwa baruapepe na kwa programu za ujumbe kama WhatsApp. Hakikisha tu kwamba nambari hiyo haishikwi na mtoto wa darasa la sita anayeichezea michezo.

Aliyekimbia kipigo ana mzigo wa ziada. Hati zote unazowasilisha upande wa pili hupata nakala, kwa hiyo mtaa unaoishi sasa, jina la shule ya mtoto, hata nembo kwenye shati la sare katika picha, vyote vitasomwa na yule uliyemkimbia. Ieleze mahakama jambo hilo kabla ya kuwasilisha chochote, uombe kutumia anwani ya wakili au anwani nyingine salama, na kama hatari ipo bado, ulizia amri ya ulinzi chini ya Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015. Hati ikishaingia kwenye faili, kuirudisha ni shida.

Kuwasilisha kwenyewe siku hizi ni kwa mtandao, kwa kuwa tangu Machi 2024 mfumo wa kielektroniki wa mahakama umeenezwa nchi nzima. Asiye na kompyuta huenda kwa vijana wa saiba, yaani maduka ya huduma za mtandao. Niliandamana wakati mmoja na jirani yangu kwenye duka mojawapo, tukachapiwa kila kitu vizuri na kwa bei ya huruma, na siku ya tatu mteja mwingine akafunguliwa kompyuta ile ile akakuta hati ya kiapo ya jirani yangu kwenye skrini. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tangu siku hiyo mimi husimama pale pale mpaka faili lifutwe, na pipa la takataka la kompyuta lifutwe, na akaunti ya baruapepe ifungwe. Karatasi zilizoharibika katika mashine narudi nazo nyumbani. Nenda saa za mchana ambapo watu wamepumzika, na nywila usimwachie kijana wa duka hata akikuahidi kuwa atakukumbushia tarehe.

Kuhusu kusindikizwa, wanaotoka Faza au Kizingitini hupanda boti pamoja na ndugu wanne au watano, na pengine mdaiwa yumo katika boti hiyo hiyo. Ndugu hao hawataingizwa chumbani. Watabaki nje wakikisia. Mmoja anatosha, awe mtu asiyekuwa na kundi la WhatsApp la ukoo anapodaiwa habari kila dakika. Sheria inakataza kutangaza jina, picha, makazi au shule ya mtoto aliye katika kesi, na katazo hilo linamhusu hata mzazi anayeweka "status" ya mafumbo yenye picha ya mwanawe. Hukumu za kesi za watoto zinapochapishwa huandikwa kwa herufi za mwanzo za majina, na haina maana mahakama ifiche kile ambacho mama au baba amekwisha kukibandika.

Fikiria mapema pia fedha zitapita wapi, kwa sababu amri itakapotolewa utaulizwa. Malipo ya simu yaweza kumwonyesha kila upande jina na nambari ya mwenzake, kwa hiyo asiyetaka kupigiwa usiku afungue laini ya matunzo peke yake. Baba anayechelea mambo yake kujulikana kazini alipe kwa wakati na aweke kumbukumbu, kwani akikaidi mahakama inaweza kuamuru mshahara ukatwe na mwajiri, na hapo karani wa mishahara atajua. Karo yaweza kulipwa moja kwa moja shuleni. Shule haihitaji nakala ya amri nzima yenye mapato ya wazazi na historia ya ndoa yao. Mwalimu mkuu apewe barua ya ukurasa mmoja inayosema nani analipa, kiasi gani, na nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni.