Somo: ugali wa mbwa, na vya jikoni asivyopaswa kula

Kipimo hiki ni cha mbwa mzima wa kilo 15 kwa siku: unga wa dona gramu 150, dagaa wakavu gramu 100, mchicha kiganja kimoja, mafuta kijiko cha chai. Usitie chumvi, kitunguu wala viungo.

1. Kagua unga. Hapa ndipo mbwa wengi wanapoponzwa: mahindi yakiota ukungu, watu husema "haya ya mbwa". Yana sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupepeta, kuanika wala kupika. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 iliua watu 125. Mbwa naye huharibika ini vilevile. Unga wenye mabonge ya kijani au harufu ya uvundo uzikwe, hata kuku wasipewe.

2. Loweka dagaa kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, wakoroge, kisha uwaopoe kwa juu. Mchanga utabaki chini. Rudia. Wa chumvi waloweke saa nzima na ubadilishe maji.

3. Wachemshe kwa lita moja ya maji dakika 15. Tia mchicha na mafuta, kisha unga uliokorogwa kwa maji baridi. Koroga kwa moto mdogo dakika 20, uwe kama uji mzito. Unga mbichi humharisha.

4. Poza. Chomeka kidole katikati, maana juu hupoa ndani kukiwa bado moto. Gawa asubuhi na jioni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mchuzi uliobaki nikimmiminia?
Una kitunguu, usimpe. Kitunguu, hata kilichoiva, huvunja chembe nyekundu za damu. Gramu 15 kwa kila kilo ya mbwa zatosha kumdhuru. Wa kilo 5 ni kitunguu kimoja tu. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: ufizi mweupe, unyonge, mkojo wa kahawia.

Parachichi je?
Nyama yake kidogo haina neno. Kokwa ndilo hatari, huziba utumbo.

Na bigiji?
Nyingi kati ya zile zisizo na sukari zina zailitoli, kiungo cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo hushusha sukari ya damu yake ndani ya saa moja. Mkimbize kwa daktari wa mifugo, nenda na pakiti.

Amemeza mfupa wa kuku uliopikwa, nimtapishe?
Hapana. Vipande vyake vina ncha, vikirudi vitachana koo. Akitapika, akigoma kula, tumbo likawa gumu au kinyesi kikawa na damu, apelekwe siku hiyo hiyo.