Kadi ya Yerusalemu: igeuze kwanza

Ukiuziwa postikadi ya zamani ya Yerusalemu au Bethlehemu, picha isikuleweshe, geuza nyuma. Ikiwa upande wa anwani hauna mstari wa katikati unaotenga ujumbe na anwani, kwa kawaida ni ya mwanzoni kabisa mwa karne ya 20 au kabla: Uingereza iliruhusu mgawanyo huo 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Stempu ya Austria au Ujerumani isikutishe. Hadi 1914 mataifa hayo yalikuwa na posta zao Yerusalemu, chini ya utawala wa Waturuki wa Osmani (kadi zenye stempu hizo ndizo ninazozitafuta zaidi). Halafu imulike kadi gizani kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Karatasi iking'aa kibuluu, kwa kawaida ni chapa ya kuanzia takriban miaka ya 1950, hata muuzaji aape vipi.