Jinsi ya kutambua mimea ya jamii ya alizeti ukipanda Kilimanjaro

Wengi wanapanda Kilimanjaro akili yote iko kileleni, mimea wanaipita tu, wakati jamii ya alizeti inakusindikiza toka msituni mpaka juu kwenye baridi kali na kuitambua wala sio kazi.

Kwanza achana na rangi. Inama ulisogelee ua bila kulichuma (hifadhini hairuhusiwi), maana unachoita ua moja hapa ni vijiua vingi vimebanana kwenye kitako kimoja, alafu chini ya kitako kuna vijani vidogo vimekizunguka. Ukiona hivyo ndo penyewe. Simu ina zoom, itumie.

Njia ya Machame inafaa sana. Geti liko kama mita 1,800 na siku ya kwanza yote ni msitu hadi karibu mita 3,000. Angalia pembeni ya njia palipo na mwanga, utaona vichaka jamaa ya mtugutu, vichwa vyake vidogo vya zambarau au vyeupe. Ile nyekundu yenye kimkia nyuma, Impatiens kilimanjari, haipo kwingine duniani ila sio jamii hii. Na kishona nguo ni wa ukoo kweli ila asili yake Amerika, kwaiyo kagua soksi na kamba za viatu kabla ya geti, usimpandishe.

Msitu ukiisha yanaanza maua ya helikrisamu, meupe na mengine ya pinki. Zile unazodhani petali ni vijani vya kitako, vikavu kama karatasi, ndo maana ua likikauka bado linaonekana zima.

Sasa kubwa lao, Dendrosenecio kilimanjari, utalikuta kwa wingi ukishuka toka Lava Tower (mwamba mrefu kama mnara) kuelekea kambi ya bonde la Barranco, karibu mita 3,900. Ni mti kabisa, umekuzidi urefu, na ni ndugu wa alizeti! Majani yaliyokufa hayadondoki, yanavaa shina yasigande na baridi, kwaiyo tafadhali usiyabandue na usiegemee, mti huu unakua polepole mno. Pembeni yake kuna Lobelia deckenii, watu wanazichanganya kila siku, ila lobelia inasimamisha mnara mmoja na kila ua limejificha peke yake nyuma ya jani.

Usiku majani ya Dendrosenecio yanajifunga kulinda chipukizi. Kuyaona hivyo mwambie mwongozaji wako mapema, toka hemani kabla jua halijafika bondeni.