Jinsi ya kupost kuhusu Shakahola bila kuwasahau waliokufa

Kesi ya Shakahola, ule msitu wa Kilifi, Kenya, walikofukuliwa watu wengi wanaodaiwa kufunga kula hadi wakafa, ikitajwa tu, simu zinajaa sura ya Paul Mackenzie, mhubiri wa kanisa lao anayeshtakiwa kwa vifo hivyo, na ukimuuliza mtu akwambie kitu kimoja kuhusu waliofukuliwa kule msituni atakujibu walikuwa wafuasi wake, basi. Yaani hata wakifa bado wanahesabiwa ni watu wake. Kama unataka kupost, jaribu hivi.

Anza na marehemu, Mackenzie aje nyuma. Badala ya "Mackenzie arudi kortini" andika kesi ya watoto wa Shakahola imeendelea leo, halafu jina lake uliweke pale linapohitajika tu. Na umuite mshtakiwa, maana amekana mashtaka na korti ndio itaamua. Clip za mahubiri yake wachana nazo kabisa, hata ukishea ili umcheke unamuongezea watazamaji.

Halafu uzijue namba. Miili iliyofukuliwa kuanzia Aprili 2023 ilipita 400, na shtaka la mauaji kule Malindi ni la watoto 191. Watoto! Kwa hivyo ukikuta mtu kwa comments anasema "walijitakia, nani aliwaambia wafunge hadi wafe", mjibu na hiyo 191, mtoto mdogo hachagui kanisa wala hajiamulii kukaa njaa, na tena madaktari waliopasua miili walisema wengine walikuwa na dalili za kunyongwa na kuzibwa pumzi. Watu wazima pia usiwaite wajinga, mama yao anasoma hizo comments.

Kuhusu majina na picha, uliza familia kwanza. Kuna wenye hawataki kijiji kijue mtoto wao alikuwa kule na hiyo ni haki yao. Wakikubali, omba picha ya harusi au ya shule, sio ile ya mifuko ya maiti, na uwaulize alikuwa anafanya kazi gani, anapenda chakula gani, alikuwa anashabikia timu gani, vitu vya kawaida. Jinsi alivyokufa tunajua tayari. Ukiandika, wasomee kabla hujapost.

Sasa kuna wale hata jina hawana. Miili ya kwanza kukabidhiwa familia ilikuwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa, kwa sababu ilibidi DNA ilinganishwe na ya ndugu, na kama hakuna ndugu aliyetoa sampuli maiti haina wa kuilinganisha naye. Hapa post haisaidii sana kusema ukweli. Kama unamjua mtu ambaye dadake au mjomba wake alifuata hilo kanisa Kilifi na hajasikika tena, muulize pole pole, faraghani, kama kuna mzazi, mtoto au ndugu wa damu aliyewahi kutoa sampuli. Kama hakuna, aulizie hospitali ya Malindi au Red Cross, na kama shida ni nauli, mchangieni.